Kabla ya Kumchapa, Muulize

Ndugu msomaji, jambo nitakalolieleza hapa ni dogo machoni pa watu wengi. Mtoto wa miaka minne alivunja kioo cha televisheni, basi. Vioo vya namna hiyo huvunjika kila siku, Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, kama vile huku kwetu Katesh. Wenyewe hukasirika, hutafuta fundi, hulipa au hushindwa kulipa, na maisha huendelea. Lakini kwangu mimi jambo hilo dogo lilizaa jingine kubwa, ambalo hata leo nikilikumbuka usiku huamka na kwenda kumtazama mtoto kitandani kwake.

Mimi ni karani wa ofisi, mzaliwa wa vilima vya Mbulu upande wa Dongobesh. Kazi ndiyo iliyonileta Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, mji uliojengwa chini ya Mlima Hanang. Wasiofika huku na waelewe kwamba mlima huo, wenye kimo cha mita 3,417, hausimami mbali kama picha iliyotundikwa ukutani. Uko hapo hapo, juu ya mapaa ya nyumba zetu. Asubuhi ukifungua mlango ndio unaoamkiana nao kabla hujaamkiana na jirani.

Katika mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilinunua televisheni. Hapana budi niseme kwanza chombo hiki kilikuwa na maana gani kwangu. Watu wa rika langu tulikua bila televisheni. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Lakini sisi wa Bara hatukuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994, kwa kuwa Serikali ya wakati ule iliiona kuwa ni anasa ya wachache katika nchi ambayo wengi walikuwa hawana maji wala zahanati. Na hata vituo vilipoanza, Mbulu tulichelewa. Umeme haukufika vijijini, na milima yetu haikuyapa mawimbi njia. Mimi niliitazama televisheni kwa makini mara ya kwanza wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 1998, katika banda la video, nimesimama nyuma ya watu waliosimama nyuma ya watu. Niliona visogo vingi na mpira kidogo. Siku ile nilijiahidi kwamba wanangu watatazama wakiwa wameketi.

Ahadi hiyo ilichukua miaka 25. Nilidunduliza katika chama chetu cha kuweka na kukopa pale kazini, nikaongezea fedha za vitunguu saumu ambavyo mama yangu aliviuza huko nyumbani Mbulu, na mwishowe nikarudi nyumbani na televisheni bapa ya shilingi 680,000. Tuliiweka juu ya meza ndogo sebuleni. Mke wangu akaifunika kwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, kama vile mama zetu walivyozifunika redio. Majirani walikuja kuitazama. Nami, nisifiche, nilijisikia mtu.

Sasa nimseme mtoto. Ni kitinda mimba wetu. Mwaka ule alikuwa amekaa kwa bibi yake huko Mbulu tangu Juni hadi mwisho wa Septemba, kwa sababu mama yake alikuwa akiugua. Mtoto wa kiume wa kwetu, hata akiwa mdogo kiasi gani, hapewi nafasi ya kukaa bure. Bibi yake alimchongea kifimbo, akamwambia kazi yake ni kuangalia ndama wawili wanaobaki karibu na nyumba wakati mama zao wamekwenda malishoni. Tena akamfundisha jambo ambalo kila bibi wa Mbulu humfundisha mjukuu: fisi akimkaribia ndama, usikimbie, piga kelele na umrushie fimbo. Mtoto aliporudi Katesh alirudi na kifimbo chake. Alilala nacho.

Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba mama yake alikwenda sokoni, na wakubwa wake walikuwa wakicheza nje. Mimi nilikuwa chumbani nikipitia karatasi za kazi, naye nilimwacha sebuleni akitazama picha ya wanyama wa porini. Mara nikasikia ukelele mkali, kisha kishindo, kisha kimya. Nilipotoka, nilikuta kifimbo kiko sakafuni, na katikati ya kioo pana alama kama ya utando wa buibui. Upande mmoja wa picha ulikuwa umekuwa mweusi kama wino uliomwagika, na upande wa pili mistari ya rangi ilikuwa ikitetemeka. Mtoto alikuwa amesimama mbele yake, anahema.

Alifungua kinywa kutaka kusema neno. Nikamwambia anyamaze. Nikaiokota fimbo ileile, nikamchapa nayo. Sikumchapa sana, kama watu wasemavyo wanapotaka kujitetea. Lakini nilimchapa kwa hasira, na mtoto anajua kupambanua kati ya mkono unaofundisha na mkono unaolipiza. Hakulia kwa sauti. Alinitazama tu, na machozi yakawa yakimtoka bila kilio. Kisha nikakivunja kifimbo chake kwa goti langu, nikakitupa uani.

Jumatatu nilimpelekea fundi. Alikiangalia kioo kwa dakika moja tu, akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba televisheni hizi za siku hizi si kama zile za zamani zenye chogo. Ile ya chogo kioo chake cha mbele kilikuwa kinene, na fimbo ya mtoto isingekifanya kitu. Hii bapa ina vioo viwili vyembamba sana vilivyobanana, na kati yake mna umajimaji unaoongozwa na umeme ili kupitisha mwanga au kuuzuia. Kioo kikipata ufa, umajimaji huo huvurugika na nyuzi nyembamba zinazopeleka umeme hukatika, na hapo hakuna gundi wala kiraka. "Mzee, kioo ndiyo televisheni yenyewe," aliniambia. "Ukinunua kioo kipya, bei yake inakaribia kununua nyingine nzima." Alikuwa na vioo vingi vilivyopasuka vimeegemezwa ukutani. Nilipomwuliza ni vya nani, alicheka akasema kwamba karibu vyote vimeletwa na baba wenye hasira kama mimi. Kimoja kilipigwa kwa mpira, kingine kwa rimoti, kingine kwa kijiko cha uji, na kingine kilifutwa na binti mdogo kwa jiwe la kusugulia miguu ili king'ae mgeni asije akakikuta na vumbi.

Jioni ile mke wangu aliniambia, "Baba, umemwuliza mtoto kwa nini alirusha fimbo?" Nikasema sikuona haja ya kuuliza, kwa kuwa kioo kilikuwa kimevunjika, aulizwe asiulizwe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ameniambia kwamba fisi alitaka kumla ndama."

Ndugu msomaji, niliduwaa. Katika ile picha ya wanyama palikuwa na ndama wa nyumbu aliyeachwa na kundi, na fisi alikuwa akimnyemelea. Mtoto wangu alifanya kazi aliyofundishwa. Hakukimbia, alipiga kelele, akarusha fimbo. Alikuwa mchungaji, nami nilimwadhibu kwa uchungaji wake.

Ningeweza kwenda palepale kitandani kwake nikamwambia neno. Sikwenda. Nilijiambia kwamba baba hamwombi mtoto radhi, kwamba akifanyiwa hivyo ataota pembe, na kwamba kesho atakuwa amesahau. Basi siku zikapita. Niliona kwamba nikiingia mlangoni yeye huondoka kwenda jikoni kwa mama yake, na kwamba nikimwita huja taratibu, akitazama mikono yangu. Nikaiita hali hiyo adabu. Ni mara ngapi sisi wazazi huuita woga kwa jina hilo!

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 3 Desemba mwaka 2023, mvua kubwa ilinyesha Hanang. Yaliyotokea alfajiri ile nchi nzima inayajua. Sehemu ya mlima ilimeguka, na tope likateremka likiwa na mawe na magogo, likapita katika Katesh na katika vijiji kama Gendabi na Jorodom, likachukua nyumba, maduka, mifugo na watu. Waliopoteza maisha walizidi 80, na wengi wao walikuwa watoto na mama zao. Rais wa nchi, aliyekuwa safarini Dubai kwenye mkutano wa mazingira, aliikatiza safari yake akarudi. Mimi sitaki kuyasimulia yote hayo, kwa kuwa wako waliozika, nao ndio wenye haki ya kuyasimulia. Nitasema tu la nyumbani kwangu.

Sauti ya tope lile haikuwa sauti ya mvua. Ilikuwa kama malori mengi yakija bila taa. Watu walipiga kelele nje wakisema tukimbie. Mke wangu aliwabeba nguo tu, nami nikawatoa wakubwa wawili mpaka barabarani. Tulipohesabu, mdogo hakuwapo. Nilirudi ndani. Giza lilikuwa nene, umeme ulikuwa umekatika. Nilimwita kwa jina lake. Kimya. Nikaita tena, na tena. Kadiri hofu yangu ilivyozidi ndivyo sauti yangu ilivyozidi kuwa kali, na kadiri ilivyozidi kuwa kali ndivyo ilivyozidi kufanana na sauti ya siku ile ya kioo. Hakuitika.

Mama yake ndiye aliyemtoa. Aliingia nyuma yangu, akanishika bega ninyamaze, akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama anayembembeleza mtoto mchanga, "Njoo, mwanangu, njoo tumtafute ndama." Naye akatoka chini ya kitanda, karibu sana na nilipokuwa nimesimama. Alikuwa ananisikia wakati wote.

Tope halikufika nyumbani kwetu. Lilipita upande mwingine wa mji. Lakini sisi hatukulijua hilo wakati ule, na lingefika, mtoto wangu angekufa akiwa hatua mbili kutoka kwa baba yake, amefumba kinywa kwa kumwogopa. Baadaye mama yake alipomwuliza kwa nini hakuitika, alijibu, "Nilidhani baba amekasirika tena." Mngurumo ule wa mlima ulioitisha wilaya nzima, yeye aliusikia kama hasira yangu.

Siku za msiba zilizofuata, tulipokuwa tukisaidiana kutoa tope katika nyumba za watu, nilimkumbuka sana marehemu baba yangu. Alikuwa mkulima asiyesoma hata darasa moja, mkali, asiyecheka ovyo. Mwaka 1982 alikuwa na redio ya betri, ya pekee katika vitongoji kadhaa, na jioni wazee walikusanyika kwetu kusikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Betri zilikuwa adimu dukani, na kila mtu alijua kwamba zikizimika, ukizianika juani hupata nguvu kidogo. Siku moja jua halikutoka, kama ilivyo kawaida katika baridi ya Mbulu, nami nikiwa na miaka saba nikazianika jikoni kando ya moto. Kisha nikazirudisha ndani ya redio zikiwa za moto. Zilivuja maji yake yote, yakala vyuma, na redio haikusema tena.

Baba aliporudi kutoka shambani aliifungua, akaona, akaketi. Nilikuwa nimekwisha kukunja mgongo kusubiri fimbo. Aliniuliza neno moja tu: "Ulitaka nini?" Nikamwambia nilitaka redio iseme, wazee wakija wasikute kimya. Alikaa muda mrefu akitazama moto. Kisha akasema, "Siku nyingine, ukitaka kunisaidia, niambie kwanza." Kwa miezi mingi, mpaka alipouza mavuno, wazee walikuja kwetu wakazungumza wenyewe bila redio. Hakulitaja jambo hilo tena. Mimi, niliyesomeshwa kwa jasho lake, niliyekaa ofisini na kuandika barua za watu, sikuweza kuuliza neno moja ambalo mzee yule aliuliza.

Siku chache baadaye nilikata tawi uani, nikachonga kifimbo, nikampelekea mwanangu. Nikapiga magoti ili macho yetu yalingane, nikamwambia kwamba nilikosea kumchapa, kwa kuwa sikumwuliza. Na kwamba yeye alifanya vema kumtetea ndama, ila wale wa kwenye televisheni ni picha tu, kama ile picha ya babu yake iliyoko ukutani, na fimbo haiwafikii. Alinisikiliza kwa makini. Halafu akaniuliza jambo ambalo bila shaka lilikuwa likimsumbua tangu Novemba: "Baba, yule ndama alipona?" Sikulijua jibu, kwa maana picha ilikatika palepale. Nikamwambia fisi aliogopa ile kelele yake, akakimbia. Sijutii uongo huo.

Ndugu msomaji, naomba nitoe mawaidha machache, maana gharama ya somo hili nimekwisha kuilipa.

Kwanza, lawama ya kioo kilichovunjika mara nyingi ni yetu kabla ya kuwa ya mtoto. Mtoto wa miaka miwili hadi mitano hujifunza kwa kushika, kurusha na kugonga, na bado hajui vizuri mpaka kati ya picha na kitu chenyewe. Ukiweka kitu chembamba cha thamani juu ya meza fupi, mbele ya mkono wa namna hiyo, ni wewe uliyekianika barabarani. Televisheni bapa na ikazwe ukutani kwa vyuma vyake, juu ya kimo cha mtoto. Kama haina budi kukaa mezani, meza iwe pana na nzito, na chombo kifungwe kwa mkanda ukutani. Rimoti, midoli na peremende visiwekwe juu yake, maana hivyo humwalika mtoto kupanda. Na kile kitambaa kizuri kisining'inie, kwa sababu mtoto hukivuta.

Pili, walio na televisheni za chogo wasijidhanie wamesalimika. Uzito wa chombo kile uko mbele, kwenye kioo, na mtoto akivuta droo za kabati au akilipanda, chombo humwangukia. Katika nchi mbalimbali, hospitali zimeona kwamba wanaoangukiwa zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, na kinachoumia zaidi ni kichwa; wako waliokufa. Tena, ikivunjika, usiifungue nyuma wewe mwenyewe, kwa kuwa hubaki na umeme mkali ndani hata baada ya kuzimwa. Mwachie fundi.

Tatu, tusiifanye televisheni kuwa yaya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asitazamishwe kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mimi siku ile nilimwacha mtoto na fisi, peke yake, ili nipate utulivu wa kusoma karatasi. Ningekuwa nimeketi kando yake, ningemwambia maneno mawili tu, "Ni picha," na kioo kingekuwa kizima mpaka leo.

Nne, na hili ndilo kubwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Lakini mimi sisemi kwa sababu ya sheria. Nasema kwa sababu ya ule usiku. Sauti ya mzazi ni kamba ambayo mtoto huishika gizani. Kila tunapoitumia kumtisha bila haki tunakata uzi mmoja wa kamba hiyo, na hatujui ni lini tutahitaji kumvuta kwayo atoke kwenye moto, kwenye maji au kwenye tope. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na walisema kweli. Lakini kukunja si kuvunja.

Televisheni nyingine tulinunua mwaka uliofuata, ndogo kuliko ile, imekazwa ukutani. Ile iliyopasuka sikuiuza kwa fundi ingawa aliitaka kwa ajili ya vipuri. Imeegemea ukutani chumbani mwangu, upande ninaolala. Asubuhi ninapoketi kuvaa viatu huiona ile alama ya utando wa buibui, kisha hutoka sebuleni na kumwita mwanangu kwa sauti ya chini. Naye siku hizi huitika.